Mgonjwa wa Saratani Hafi kwa Kukata Tamaa

Wiki iliyopita, kwa mara ambayo siwezi tena kuihesabu, kijana mmoja alinivuta kando ya mlango wa chumba cha baba yake akaninong'oneza: "Daktari, mzee amekata tamaa. Hali, hazungumzi, amegeukia ukutani. Tafadhali usimwambie majibu ya kipimo, mwambie tu apambane." Mzee huyo alikuwa na saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini, na alichokuwa akikifanya pale kitandani ni kufa.

Ninaomba jambo hili lieleweke. Saratani inapofikia hatua hiyo, uvimbe pamoja na kinga ya mwili humwaga sitokini, yaani kemikali ambazo chembe za mwili hutumia kupelekeana ujumbe, katika damu, nazo huzima hamu ya kula kutoka kwenye ubongo na kuvunjavunja misuli. Ndiyo sababu mwenye kakeksia, yaani kudhoofika huko kunakoletwa na ugonjwa, huendelea kukonda hata anapolishwa kwa mpira. Usingizi mwingi, ukimya na kukataa kijiko ni kazi ya ugonjwa. Anayemlazimisha mgonjwa wa namna hiyo kula anaweza kukipeleka chakula mapafuni.

Kinachoniudhi zaidi ni neno "kupambana". Nchini Marekani, Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya taifa ya saratani mwezi Desemba 1971, na tangu hapo maneno "vita dhidi ya saratani" yamezoeleka kila mahali. Katika kuchangisha fedha za utafiti sina ugomvi nayo, lakini yakifika kando ya kitanda huleta madhara, kwa sababu tukishasema kwamba aliyepona alipambana vizuri, aliyefariki tunamwachia lawama. Mama mmoja aliwahi kuniomba msamaha, kwa machozi, kwamba kemotherapi haikumsaidia. Alikuwa amemeza kila kidonge na kuhudhuria kila miadi, na bado aliamini kuwa kosa lilikuwa la moyo wake. Chembe za saratani hazijui ushujaa wa mtu. Hata hivyo, mgonjwa mwenyewe akichagua kujiita mpiganaji, neno hilo ni lake na simnyang'anyi. Ninachokataa ni sisi wazima kumvisha.

Na madaktari wenzangu waache kusema "hakuna tena cha kufanya". Mofini ya kutuliza maumivu ipo, dawa za kichefuchefu zipo, na anayehema kwa shida anaweza kupunguziwa adha hiyo.

Je, ukweli unaua? Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopata mapema tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, ambayo huambatana na mazungumzo ya wazi kuhusu hali ya ugonjwa, walikuwa na huzuni pungufu kuliko wenzao, na muda wao wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 11.6, ilhali wenzao waliopata matibabu ya kawaida peke yake waliishi miezi 8.9. Sithubutu kudai kwamba ukweli hurefusha maisha, maana tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote katika hilo. Ninachodai ni kwamba woga wa yule kijana hauna ushahidi.

Swali la "amebakiza muda gani" ndilo linalonitia mashaka mimi mwenyewe. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2000 uliohusu wagonjwa 468, ni asilimia 20 tu ya makadirio ya madaktari yaliyokuwa sahihi, na mengi ya yaliyobaki yalizidisha muda. Kwa hiyo huwa nasema "miezi", "wiki" au "siku" bila kutaja idadi, na kabla ya hapo humwuliza mgonjwa angependa kujua kiasi gani. Wengine hawataki, na hiyo ni haki yao. Nimewahi pia kusema mapema mno, na sura ya mgonjwa yule bado ninaikumbuka.

Kwa yule mzee niliingia, nikaketi, nikamwuliza anauelewaje ugonjwa wake. Alijibu kwamba alijua tangu mwezi uliopita, ila alimhurumia mwanawe na hakutaka kumvunja moyo. Nilimwita kijana. Siku hiyo walizungumza kuhusu deni moja ambalo mzee alitaka lilipwe, na kuhusu nani angekaa na mama usiku.