Kwa nini watoto wa Ufilipino hulipiga kopo kwa kandambili?

Jioni jua likishapungua ukali, kwenye vichochoro vya Manila na vijiji vya huko unaweza kukuta watoto wamejipanga nyuma ya mstari wa chaki, mguu mmoja umevaa kandambili na mwingine peku. Kandambili ya pili iko mkononi. Mbele yao, hatua saba nane hivi, kopo tupu la maziwa limesimama ndani ya kiduara, na pembeni yake mtoto mmoja ameinama kidogo kama golikipa. Kandambili ya kwanza inaruka, inakosa. Ya pili inakosa. Ya tatu inalipata kopo, linabiringika kwenye saruji kwa kelele, na hapo wote wanatimua mbio kuelekea huko huko kwenye hatari.

Mchezo huo ni tumbang preso. Mgeni akiuona atadhani ni mashindano ya shabaha, na kwa sekunde mbili tatu za mwanzo atakuwa sahihi. Lakini kulenga ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko katika kwenda kuichukua kandambili yako na kurudi nayo salama.

Jina lake limebeba historia ya nchi. Hispania iliitawala Ufilipino zaidi ya miaka 300, tangu 1565 hadi 1898, na Kihispania kilijipenyeza hadi kwenye michezo ya watoto. Tumba ni kuangusha, preso ni mfungwa. Ile -ng iliyobanwa katikati ni ya Kitagalogi, lugha ya wenyeji wa Manila; ni kiungo cha kushikanisha maneno mawili. Kopo wanaliita lata na kandambili ni tsinelas, yote ya Kihispania pia. Kwenye visiwa vya Visayas, katikati ya nchi, wengi wanasema tumba-lata, yaani angusha kopo, wala hawamtaji mfungwa.

Mfungwa basi ni kopo, na anayelilinda anaitwa taya. Neno hilo hilo la taya lina maana ya dau, kile anachoweka mtu kwenye kamari. Kitu unachorushia ni pamato, lililotokana na bato, jiwe. Namshukuru aliyeamua kwamba kandambili ya mpira inatosha, maana mawe mtaani yangeishia kwenye vioo vya majirani na vichwa vya wenzio.

Taya wa kwanza hupatikanaje? Wengine hucheza jak en poy, ule mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi uliotoka Japani. Wengine hunyoosha viganja kwa pamoja, vingine juu vingine chini, na yule ambaye kiganja chake kiko tofauti na vya wenzake wote ndiye anayepewa kazi. Wapo pia wanaotupa kandambili kulenga kopo, na ya nani imetua mbali zaidi ndiye taya. Hakuna anayejitolea.

Tuseme limekuangukia wewe. Umesimama karibu na kopo na hairuhusiwi kuzuia kandambili zinazorushwa. Mtu akitupa akakosa, kandambili yake inabaki kule nyuma yako, na yeye amekwama nyuma ya mstari bila silaha. Maadamu kopo limesimama ndani ya duara, wewe una mamlaka: yeyote atakayevuka mstari kufuata kandambili yake, ukimgusa kabla hajarudi, anakuwa taya badala yako. Kopo likianguka tu, mamlaka yote yanayeyuka. Wanakupita kushoto na kulia, wanaokota kandambili zao, wanakucheka, nawe huwezi kumgusa mtu hata akikukanyaga. Inabidi kwanza ulifuate kopo lilikokwenda, ulirudishe ndani ya duara, ulisimamishe sawasawa, ndipo ugeuke kukimbiza. Waliocheza kombolela ya kupiga kopo teke wanaujua uchungu huo wa kukimbilia kopo huku mawindo yanakuponyoka nyuma ya mgongo.

Ndiyo maana mimi naona jina limempa cheo mtu asiye wake. Kopo linaruka, linabiringika, linatembea mtaa mzima. Anayeshindwa kwenda popote ni mlinzi.

Hapo sasa utaona kwa nini mtupaji mzuri hatafuti tu kuligusa kopo. Likipigwa juu, karibu na mdomo, aghalabu hulala palepale, na taya mwepesi analisimamisha kabla hamjafika hata nusu ya njia. Likipigwa chini, kwa kandambili iliyorushwa kwa nguvu ikiteleza sambamba na ardhi, linang'oka na kubiringika mbali. Kila hatua ambayo kopo limesogea taya anailipa mara mbili, kwenda na kurudi, na muda huo ni wenu. Kandambili, au ndala, au slipa, kutegemea umekulia wapi, inafaa kwa kazi hiyo kuliko inavyoonekana: ni bapa na nyepesi, nayo huteleza vizuri kwenye saruji. Ukiitupa juu juu kama jiwe inajipinda, upepo unaikamata, inatua pasipotarajiwa. Kopo nalo likiwa tupu kabisa huruka kirahisi mno. Likitiwa mchanga kidogo linakuwa kaidi, na taya anapumua.

Kuhusu sheria ndogondogo, kila mtaa una zake, na mabishano ni sehemu ya burudani. Sehemu nyingi, ukishaifikia kandambili yako na kuikanyaga uko salama, taya hakugusi; salama hiyo inaisha pale unapoiokota. Kwingine hakuna huruma ya namna hiyo. Kuna wanaoruhusu mchezaji aliyekwama kulipiga kopo teke, na kuna wanaoona huo ni wizi wa mchana.

Gharama ya mchezo mzima ni kopo ambalo lingetupwa na kandambili ambazo mtoto tayari anazo miguuni. Ufilipino hazikosekani: mji wa Liliw, mkoani Laguna, kusini mwa Manila, unajulikana nchi nzima kwa utengenezaji wake na una hata tamasha la tsinelas. Ni vazi la nyumbani, la sokoni, la mvua. Pia ni fimbo ya mama, jambo ambalo msomaji wa Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa. Mtoto anayerudi nyumbani na kandambili iliyokatika mkanda kwa sababu ya tumbang preso anaweza kukutana na ile ya mama, ambayo ni nzima.

Mchezo umeingia pia darasani. Elimu ya viungo katika shule za msingi za Ufilipino huufundisha miongoni mwa michezo ya kulenga shabaha. Sina ugomvi na walimu, ila kuuita wa shabaha ni kuusimulia nusu.

Nusu iliyobaki huonekana pale wote wanapokosa. Kandambili sita zimetapakaa kule nyuma, kopo bado limesimama, na hakuna aliyebaki na cha kutupa. Taya anatabasamu. Wawili wameshakimbia na wamezikanyaga kandambili zao, wamesimama mguu mmoja mmoja kama korongo, hawathubutu kuinama. Wengine bado wako kwenye mstari. Mmoja anajifanya anatoka upande wa kulia, taya anamfuata hatua mbili, anakumbuka kopo, anarudi. Akienda mbali sana na duara, wale wawili wataondoka na mali yao; akikaa karibu sana, hatamkamata mtu. Hapo mnahitaji mtoto mmoja tu mwenye mbio na moyo, aokote kandambili yake, apenye, avuke mstari, ageuke akiwa bado anahema, na atupe. Asipokosa safari hii, wote mko huru.