Kasha la chakula cha moto jeshini: joto hupotelea wapi kabla ya sahani ya mwisho

Jiko la kombania huwashwa alfajiri. Mchuzi wa nyama ukiiva saa 5 asubuhi hupakuliwa kwenye makasha na kupakiwa kwenye lori, na kama njia ni ya matope huenda ukaifikia platuni ya mbele saa 9 alasiri. Kwa saa hizo 4 hakuna kuni wala gesi, kuna kasha peke yake. Kazi yangu ni kupima makasha ya namna hiyo na kuwashauri wanaoyaunda na wanaoyanunua. Karibu kila mara naulizwa unene wa kuta, na karibu kila mara nalazimika kurudisha mazungumzo jikoni, kwa sababu kasha halizalishi joto. Linatunza lile ulilolikabidhi, na joto jingi hupotea kabla kifuniko hakijafungwa.

Nianze na sababu ya kuhangaika hivi. Askari anaweza kula chakula baridi, na pakiti za chakula kikavu zipo kwa ajili hiyo. Kinachoangusha kikosi ni chakula cha vuguvugu. Bakteria anayeitwa Clostridium perfringens huishi kwenye udongo na kwenye matumbo ya wanyama, kwa hiyo jiko la nyama halimkosi. Moto humuua, lakini spora zake, yaani mbegu zake zenye ganda gumu, hustahimili kuchemshwa, na mchuzi ukishuka hadi kati ya nyuzi joto 43 na 47 za Selsiasi huamka na kuanza kuzaana, idadi ikiongezeka maradufu kila dakika 10 hivi. Bakteria mmoja huwa zaidi ya 4,000 ndani ya saa 2. Tumbo huanza kukata na kuhara kufuata, kwa kawaida saa 6 hadi 24 baada ya mlo, yaani wakati ambapo kikosi kizima kimeshakula sufuria ileile. Wali una adui wake mwingine, Bacillus cereus, ambaye sumu yake ya kutapisha haiondoki hata ukiupasha upya. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasisitiza chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 hadi kinapoliwa, na kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida la hewa.

Majeshi yalijifunza haya kwa gharama. Katika Vita Kuu ya Kwanza, chakula cha askari waliokuwa kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji kilibebwa usiku ndani ya masanduku yaliyoshindiliwa nyasi kavu. Akina mama wengi wa kwetu wanaijua kanuni hiyo kwa jina la jiko kikapu: sufuria ya maharage iliyochemka inatumbukizwa kwenye kapu lililofunikwa vizuri, na maharage yanaendelea kuiva bila moto. Huku Afrika Mashariki, wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika vita hiyo, ambao jina lao ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, hawakuwa na anasa hiyo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi kuliko risasi, na unga wa mahindi usioiva vizuri ulichangia kuharibu matumbo yao. Siwezi kupita Kariakoo bila kuwafikiria. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuja na kasha la chuma lenye vyombo vitatu ndani, ambalo askari waliliita mermite, kutokana na neno la Kifaransa la chungu. Lilitumika kwa miongo mingi kabla ya makasha ya plastiki kuchukua nafasi yake.

Sasa tupige hesabu. Chukua kasha lenye kilo 20 za mchuzi wa nyuzi 85, kuta za povu la poliurethani (aina ya plastiki) lenye unene wa sentimita 5, eneo la ndani la nusu mita ya mraba, na hewa ya nyuzi 25. Kuta hizo hupitisha joto la wati 18 hivi, pungufu ya taa ndogo ya zamani. Kwa kilo 20 za mchuzi ni sawa na kupoa chini ya nyuzi 1 kwa saa. Hata tukikadiria kwamba kasha halisi hupoteza mara mbili ya hapo, mchuzi ungekaa zaidi ya saa 12 kabla ya kufika nyuzi 60.

Mbona basi chakula hufika vuguvugu? Tazama kinachotokea jikoni. Kasha limelala stoo usiku kucha, ni baridi. Mchuzi ukimiminwa, kazi yake ya kwanza ni kuzipasha moto kuta za ndani, na kwa kasha zito la plastiki hilo peke yake laweza kula nyuzi 5. Hizo ni saa kadhaa za safari zimeliwa kabla lori halijawashwa. Kisha kifuniko kinaachwa wazi huku mpishi akitafuta upawa. Mvuke unaopanda pale hubeba joto jingi kuliko kuta zote: dakika 10 za kifuniko wazi huweza kupoteza kile ambacho kasha lililofungwa lingekipoteza kwa saa 2 au zaidi. Kisha linajazwa nusu. Kilo 10 ndani ya kasha la kilo 20 hupoa kwa kasi inayokaribia maradufu, maana kuta ni zilezile na hazina ya joto imepungua nusu. Heri kasha moja lililojaa kuliko mawili ya nusunusu.

Kwa hiyo maji ya moto yamiminwe ndani ya kasha na kifuniko kifungwe kwa muda wa nusu saa kabla ya kupakua. Yamwagwe chakula kikiwa tayari kando, kikichemka. Hakuna kiwanda kinachoweza kukuuzia faida ya namna hiyo kwa bei hiyo.

Upande wa muundo, mahali ninapopatazama kwanza ni pale chuma cha ndani kinapokutana na chuma cha nje. Chuma kisichoshika kutu hupitisha joto takribani mara 500 kuliko povu, na alumini maelfu ya mara. Skrubu chache za mshikio zilizopenya ukuta mzima, au ukingo wa mdomo uliokunjwa kuunganisha ganda la ndani na la nje, huwa njia ya panya ya joto. Mshikio uishie kwenye ganda la nje. Mdomoni pawekwe ukanda wa plastiki wa kutenganisha. Mpira wa kuzibia kifuniko uwe unatoka kwa mkono ili uoshwe, na akiba yake iwepo kikosini, kwa sababu mpira uliopasuka hufanya kasha la gharama kubwa liwe ndoo.

Maji ni adui anayejificha. Povu hufanya kazi kwa sababu ya gesi iliyofungiwa katika vijishimo vyake, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Ganda likipata ufa kwa kuangushwa kutoka kwenye lori, maji ya kuoshea hupenya, povu linalowa, na kwa nje kasha bado linaonekana zima. Nawashauri watunza stoo waandike uzito wa kila kasha likiwa jipya na kavu, kisha walipime kila baada ya miezi michache. Likiongezeka uzito bila sababu, limekunywa maji, na lisipewe tena chakula cha moto. Hapa ndipo ganda la plastiki lililoumbwa kipande kimoja bila mishono linapolishinda la bati, ingawa bati huvumilia moto wa karibu.

Kifuniko kinahitaji valvu ndogo, yaani kizibo cha kupitishia hewa. Chakula kikipoa, mvuke hugeuka maji, hewa ya ndani husinyaa, na kifuniko hunaswa hadi askari akifungue kwa bisibisi na kuharibu ukingo. Valvu hiyohiyo husaidia kasha likipandishwa mlimani au ndani ya ndege, ambako shinikizo la nje hupungua.

Uzito ni jambo la utu pia. Kilo 20 za chakula na kilo 10 za kasha ni mzigo wa watu wawili, kwa hiyo mishikio iwe miwili mipana inayoshikika kwa mkono wenye glavu au tope. Vyombo vya ndani vifuate kipimo cha majiko ya kisasa, milimita 530 kwa 325, ili chombo kitoke jikoni kiingie kwenye kasha bila kupakuliwa upya. Pembe ziwe za mviringo. Masalia ya uji hayangoji mwaliko kujificha kwenye pembe kali.

Mpishi naye achague. Mchuzi, maharage na uji husafiri vizuri. Ugali hutoa jasho na kulowa, chapati hulainika, na samaki wa kukaanga hawapaswi kufungiwa kabisa.

Unapopewa kasha la kununua, usiridhike na karatasi ya mwuzaji. Lijaze maji ya nyuzi 90, lifunge, liweke juu ya lori, lizungushwe barabara mbovu kwa saa 4, kisha fungua na upakue vikombe kama unavyogawia askari, kifuniko kikifunguliwa na kufungwa. Andika joto la kikombe cha kwanza na la kikombe cha mwisho. Rudia kasha likiwa nusu. Kipimajoto kizamishwe pembeni, karibu na kona, ambako chakula kizito hupoa kwanza, na namba ya kuandika kwenye fomu ya manunuzi iwe ya kikombe cha mwisho.