Si kila daraja lenye nyaya linaning'inia

Basi la Kisumu kwenda Kampala linapovuka Mto Nile pale Jinja, hakosi abiria wa kumwonyesha mwenzake: "Hili ndilo daraja la kuning'inia." Silo, na kosa hili limezoeleka mno.

Daraja la kuning'inia lina kebo kuu zinazopita juu ya minara, zikajipinda katikati kama kamba ya kuanikia nguo, kisha zikazikwa kwenye mwamba au zege zito kila ng'ambo. Kutoka kwenye kebo hizo hushuka nyaya za wima zinazobeba sakafu. Kebo huvutwa, minara hukandamizwa.

Daraja la Jinja, lililofunguliwa mwaka 2018, halina kebo kuu. Kila waya umenyooka mshazari kutoka mnarani hadi kwenye sakafu. Nyaya za upande huu wa mnara husawazishwa na za upande wa pili, na sakafu yenyewe hubanwa kuelekea mnarani, ndiyo maana haihitaji kuzika nanga kubwa ng'ambo. Tofauti hii si ya rangi wala urembo: mzigo unapita njia nyingine kabisa. Hata urefu hutofautiana. Kati ya minara ya Jinja kuna mita 290. Daraja la kuning'inia la 1915 Çanakkale, Uturuki, lina mita 2,023.

Linaloniudhi zaidi ni kuchanganya haya kwenye suala la usalama. Ukitajwa mpango wa kivuko cha kuning'inia, yaani daraja dogo la waenda kwa miguu, juu ya Mto Nzoia nchini Kenya, mtu ataleta habari ya daraja la Sigiri kule Budalang'i, lililoanguka Juni 2017 likiwa bado linajengwa. Sigiri lilikuwa daraja la mihimili lililosimama juu ya nguzo, halikuning'inia popote. Mfano wa haki ni Morbi, India, ambako daraja la kuning'inia la waenda kwa miguu lilikatika Oktoba 2022 na kuua watu 135. Lilijaa watu kupita kiasi, na uchunguzi ulikuta karibu nusu ya nyaya za kebo iliyokatika zimeliwa na kutu.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoshika moyo kivuko kikiyumba: kivuko chepesi cha kuning'inia huyumba kidogo kikiwa kizima. Cha kukaguliwa ni kutu ndani ya kebo, vibano vyake, na pale inapoingia kwenye zege.