Kipimo kimesema una bakteria, hakijasema bakteria wa aina gani

Hapa Tanga mtu akiungulia baada ya mihogo ya kukaanga, lawama zote huenda kwa pilipili. Pilipili huwasha kidonda cha tumbo kilichokwisha kuwapo, haikichimbi. Mchimbaji mkubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walimwotesha maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982. Wa pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazomezwa ovyo.

Wengi wenye bakteria huyu hawaugui kidonda maisha yao yote. Sababu mojawapo imo katika jeni zake, maana hubadilika haraka, na bakteria hawa wakikutana tumboni hupeana vipande vya DNA.

Jeni ya cagA hukaa kwenye kipande cha jenomu (DNA yote ya bakteria) chenye herufi za DNA kama 40,000, ambacho baadhi ya aina hazina kabisa. Kipande hicho hutengeneza kitu mfano wa sindano, na kwa sindano hiyo protini ya CagA hupenyezwa ndani ya seli za ukuta wa tumbo, ikavuruga mawasiliano yake na kuchochea uvimbe. Jeni ya vacA, inayotengeneza sumu, wanayo karibu wote, ila kwa sura tofauti: sumu ya sura iitwayo s1m1 ni kali, ya iitwayo s2 karibu haidhuru. Aliyebeba bakteria mwenye cagA pamoja na s1m1 yuko hatarini zaidi kupata kidonda au saratani. Si hukumu lakini. Aina za Asia Mashariki zina mkia wa CagA unaonata kwa nguvu zaidi ndani ya seli, na huko saratani ya tumbo ni nyingi.

Kwa mgonjwa wa Ngamiani au Pongwe, sioni haja ya kulipia kipimo cha cagA. Dawa ni zilezile. Herufi yenye maana kwake iko kwingine, kwenye jeni ya 23S: A ikigeuka G nafasi ya 2143, antibayotiki ya klarithromaisini haishiki tena. Metronidazoli (Flagyl) nayo hushindwa jeni ya rdxA ikiharibika, na sisi kila tumbo likiuma tunakimbilia Flagyl dukani.

Kupima nako kuna mitego. Kipimo cha damu cha kingamwili huweza kubaki chanya miezi mingi baada ya kupona, kwa hiyo kisitumike kuangalia kama dawa imefanya kazi. Tumia cha choo, wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, iwe imeachwa wiki 2. Ukiendelea nayo bakteria hupungua, wanaobaki hupanda sehemu ya juu ya tumbo, na jibu hutoka hasi la uongo. Ndiyo maana anayepimwa kwa kamera ya kuingizwa tumboni achukuliwe vinyama vya kupima, vya chini na vya juu ya tumbo. Kinyama kikiwekwa kwenye kipimo cha yurease, kimeng'enya cha bakteria huyu, rangi ya njano hugeuka nyekundu. Ikigeuka baada ya saa 24 usiihesabu, huenda ni bakteria wengine.