Alama ya kuuliza haijui mabano

"Weka tu alama ya kuuliza baada ya nyota." Ushauri huu wa kutafuta bano na jozi yake kwa regeksi (ruwaza ya alama inayoeleza maandishi yanayotafutwa) nimeusikia mara nyingi mno, na kila unapotolewa kuna mtu anaubandika kwenye programu yake na kuondoka ameridhika. Haya, tuujaribu. Maandishi ni `f(a(b)c)`, ruwaza ni `\(.*?\)`, yaani bano la kufungua, herufi zozote, kisha bano la kufunga. Unapata `(a(b)`. Regeksi imesimama kwenye bano la kufunga lililotangulia, si lile ulilolitaka. Ukiitoa hiyo alama, jibu linakuja sawa. Ila ipe `(a) + (b)` uone itakavyomeza yote. Alama inaamua kusimama mapema au kuchelewa, basi. Lipi ni jozi ya lipi, haijui.

Sababu ni kumbukumbu. Regeksi kama alivyoieleza mwanahisabati Stephen Kleene miaka ya 1950 ni mashine yenye hali zenye ukomo, yaani inakumbuka tu iko kwenye hali ipi kati ya zile ilizopewa. Mashine ya hali 10 ikishasoma mabano 10 ya kufungua, imekwishapita hali moja mara mbili, na haiwezi tena kujua mangapi yanangoja kufungwa.

"Basi nitahesabu tu, ya kufungua yawe sawa na ya kufunga." Hapa ndipo ninapokosa subira. `)(` ina hesabu sawa! Hesabu isishuke chini ya sifuri hata mara moja, na iishie sifuri. Hiyo inatosha kwa aina moja ya mabano. Zikiwa mbili, `([)]` inapita kwenye hesabu zote mbili, na bado ni kosa. Lazima ukumbuke lipi lilifunguliwa mwisho, yaani uwe na rundo: kila la kufungua liweke juu, kila la kufunga lilinganishe na la juu.

Wanaosema regeksi haiwezi kamwe nao wanazidisha. Kina cha mabano ndani ya mabano kikiwa na kikomo, inaweza: ngazi mbili ni `\((?:[^()]|\([^()]*\))*\)`. Na PCRE, maktaba ya regeksi, inaruhusu ruwaza ijiite yenyewe kwa `(?R)`, `\((?:[^()]++|(?R))*\)`, kwa kina chochote ambacho injini itaruhusu. Lugha za JavaScript na Go hazina `(?R)`, wala moduli ya `re` ya Python. Je, hiyo bado ni regeksi? Kwa maana ya Kleene, hapana. Lakini mpaka huo haunikai sawa, maana kwenye kihariri naitumia bila wasiwasi. Kwenye programu watakayoirithi wengine, naandika kitanzi chenye rundo.

Hata hicho kitanzi, kipe `g(")")`. Bano lililo ndani ya nukuu si bano, kwa hiyo soma nukuu kwanza, na maoni ya msimbo pia, ndipo ugusie mabano.