Jani la Kiazi Mfukoni

Mkulima wa Umalila, mkoani Mbeya, akiona viazi vyake vimenyauka, hakimbilii kitabu wala ofisi ya wilaya. Anachuma jani, analitia mfukoni, na siku ya gulio anampelekea muuza pembejeo. Duka lipo kila siku, na dawa ikishindwa anajua pa kwenda kulalamika. Afisa ugani ana vijiji kadhaa. Ukimkosa leo, shamba halisubiri.

Sisi wataalamu wa taarifa tumezoea kusema watu wa vijijini hawana taarifa. Sikubaliani. Wanazo njia zao: duka, kikundi cha vikoba, jirani mwenye shamba darasa, redio. Hata kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 haikuwaachia redio peke yake. Watu walisikiliza kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na vijitabu, kisha wakajadili.

Tatizo ni swali la mkulima kupungua njiani, likafika dukani likiwa jani tu. Ugonjwa wa baka jani huacha mabaka meusi kwenye majani, hasa baridi na unyevunyevu vikizidi, na dawa ya ukungu ikiwahi husaidia. Mnyauko bakteria ni jambo jingine: mmea hulegea ghafla ukiwa bado wa kijani, na hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Jani lililosinyaa mfukoni halitenganishi hayo mawili. Muuzaji simlaumu sana. Kaulizwa kwa jani, kajibu kwa chupa.

Basi ng'oa shina zima na viazi vyake. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko bakteria. Usinunue dawa. Ng'oa mimea iliyougua uitoe shambani, viazi vya hapo usivifanye mbegu, wala usipande nyanya, maana ugonjwa ni huohuo, tia mahindi.

Unapompigia afisa ugani, au ukifika TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, sema pia mbegu ulitoa wapi, ulipanda lini, na maji ya mvua yanatiririka kutoka shamba la nani. Hayo picha ya simu haiyaoneshi.

Na glasi ile mpitishie muuza pembejeo aione. Kabla hujafika nyumbani, atakuwa ameshaletewa majani mengine.