Jeni inayojieneza, na breki zake

Jeni inayojieneza ni kipande cha DNA kilichotengenezwa maabara ili kirithiwe na karibu watoto wote wa kiumbe, badala ya nusu yao.

Chukua mbu anayeeneza malaria. Kwa kawaida ana nakala mbili za kila jeni, ya baba na ya mama, na humpa mtoto moja tu. Jeni mpya isiyo na faida wala hasara ikiwa katika asilimia 1 ya nakala zote za mbu wa Bagamoyo, vizazi vijavyo itabaki hapohapo. Inayojieneza hufuata hesabu nyingine: asilimia 2, 4, 8, 15, na baada ya vizazi 8 imevuka 90. (Hiyo ni hesabu ya karatasini, ambako hakuna kinachoharibika.)

Siri yake ni vifaa viwili inavyobeba: Cas9, ambayo ni mkasi, na RNA elekezi inayouonyesha mkasi pa kukata. Ndani ya seli zinazotoa mbegu na mayai, mkasi hukata kromosomu pacha isiyo na kipande hicho. Seli ikitibu jeraha, hutazama kromosomu isiyokatwa na kunakili sehemu hiyo, kipande kikiwemo. Nakala moja imekuwa mbili.

Kinachokwamisha ni ukarabati wa haraka. Mara nyingine seli huunganisha ncha mbili bila kunakili chochote. Herufi chache za DNA hubadilika na RNA elekezi haipatambui tena mahali pale. Jeni iliyokatwa ikiendelea kufanya kazi, mbu huyo ana kinga dhidi ya mkasi, na uzao wake utashinda. Ndiyo maana watafiti wa Imperial College London walilenga doublesex, jeni isiyovumilia mabadiliko: jike mwenye nakala mbili mbovu hang'ati wala hatagi. Mwaka 2018 walionyesha kwamba mbu wa vizimbani walitoweka baada ya vizazi 7 hadi 11.

Sasa breki, yaani njia za kuizuia jeni hiyo isienee. Iliyo bora, kwa maoni yetu, ni ile inayofungwa kabla ya safari: kutenganisha mkasi na mzigo, yaani jeni inayokusudiwa kuenea. Mbu waliotengenezwa Bagamoyo katika maabara ya Taasisi ya Afya Ifakara, ambao matokeo yao yalichapishwa Desemba 2025, wamebeba jeni za kudhoofisha vimelea vya malaria lakini hawana Cas9. Mzigo wao haujienezi mpaka wakutane na mbu mwenye mkasi.

Breki ya pili huja baadaye. Virusi vinavyoshambulia bakteria vina protini za kuziba Cas9, kwa kuwa bakteria hutumia mkasi huohuo kuvikatakata. Mojawapo, AcrIIA4, iliwekwa ndani ya mbu. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba mbu hao, wakichanganywa kizimbani na wenye jeni inayojieneza, waliizuia isiangamize kundi. Kwa nzi wa matunda, mwaka 2020 kulionyeshwa njia ya tatu: kipande kisicho na Cas9 kinachotumia mkasi wa jeni ya kwanza kuikata na kukaa mahali pake.

Ila breki hizi mbili za baadaye hazirudishi mbu wa asili. Nazo ni mbu waliobadilishwa, wanaohitaji kibali na kuachiliwa kwa wingi wa kutosha, kila mahali ambako jeni ya kwanza imeshafika. Mbu haulizi mpaka wa wilaya, kwa hiyo kundi la breki linapaswa kuwa limeshapimwa na kufugwa kabla jeni yenyewe haijatoka kizimbani.